Maji ya Kwanza

Kwa Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua na hizo zamu za wodi ya wazazi hazijakumaliza. Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Mama anakusalimu sana. Goti lake linampa siku mbili nzuri na moja mbaya, naye anasema mgawo huo anaukubali. Shemeji alipita wiki iliyopita na lori lake, akala, akasinzia kwenye kiti mdomo wazi, akaondoka kabla chai haijapoa. Mwanao Chiriku anakula vizuri. Zile sketi za sare ulizomshonea ukiwa na haraka ya kwenda kozini zimeshamwishia juu ya magoti.

Umepiga simu mara nne nisipokee. Nilizisikia zote. Ningepokea, ungeniuliza kama mtoto hajambo, nami ningesema hajambo, na neno likishatoka mdomoni halirudi. Nimeona afadhali kalamu. Kaa chini, Dada, kama umesimama. Soma mpaka mwisho kwanza, halafu ukasirike.

Unakumbuka mwaka jana idara ya afya iliponipa kazi ya kuratibu mpango wa kupunguza madini ya risasi kwenye maji ya kunywa, ulicheka ukaniuliza tangu lini maji yakapigwa risasi. Hukuwa peke yako. Siku ya kwanza nilipokwenda kuwaeleza wazazi wa shule moja, mlinzi wa geti alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono, akauliza kama huyo aliyefyatua amekwisha kamatwa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tangu hapo nikawa naanza na mzaha huo mimi mwenyewe, na watu wakishacheka nawaambia kwamba risasi hii haina mlio. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Inatoka kwenye viungo vya mabomba vilivyoungwa kwa lehemu yenye risasi, inaingia kwenye maji yanapolala humo usiku kucha. Ukiyachemsha, maji ndiyo yanayopungua, yenyewe inabaki. Mtu mzima anaweza kuinywa miaka asijue. Mtoto mdogo inampanda kichwani: anakuwa mzito wa kushika mambo, hasira zinakuwa karibu, tumbo linamkaza.

Kuratibu, Dada, ni kubembeleza watu wazima. Watu wa afya wanasema hilo ni la maji, watu wa maji wanasema hilo ni la elimu, watu wa elimu wanasema wao kazi yao ni chaki. Nilikuwa nawakusanya kila Jumanne kwenye kile chumba chetu chenye feni inayolia kama mbuzi, nawawekea mbele orodha ya shule arobaini na sita, na sitoki mpaka kila mmoja aseme atafanya nini na lini. Ukutani nilibandika ramani. Shule ambayo maji yake yamepimwa yakaonekana mabaya nilichoma pini nyekundu, nzuri nilichoma ya kijani. Niliipenda kazi hii. Sijawahi kuipenda kazi hivyo.

Na aliyenifundisha kuipenda ni Mizani.

Huyo umemsikia sana kwenye barua zangu: mkuu wa maabara, mama mtu mzima, miwani yake inaning'inia kifuani kwa mnyororo. Tulimwita Mizani kwa sababu hata sukari ya chai yake aliisawazisha kwa kisu juu ya kijiko. Mimi nilipofika pale sikujua hata sampuli inachukuliwaje. Yeye ndiye aliyenisimamisha mbele ya bomba, saa kumi na mbili asubuhi, akaniambia kwamba katika kazi hii kuna sheria moja tu. Maji ya kupima ni maji ya kwanza. Yale yaliyolala ndani ya bomba tangu jana jioni, kabla mtu yeyote hajaligusa. Ukiacha bomba litiririke dakika chache tu, yaliyolala yanakwenda zake, yanakuja mapya kutoka barabarani, na chupa yako itakudanganya. Alisema hivyo, kwa mdomo wake. Chupa itakudanganya.

Tukawa kama ndugu. Nilipougua malaria alinilisha kwa kijiko. Jumapili alikuwa anakuja nyumbani, anakaa na Mama uani, anamsuka Chiriku nywele huku Chiriku akimweleza habari za wiki nzima bila kupumua. Mumewe ni mhandisi wa idara ya maji, mtu mpole, anayekuja kwenye vikao vyangu vya Jumanne na daftari safi. Nilijua ni mumewe, kila mtu alijua. Sikuona tatizo. Niliona ni bahati, maji na maabara kulala nyumba moja.

Majibu yalianza kuja mwezi wa tatu. Shule kongwe za katikati ya mji zilikuwa mbaya kama tulivyotegemea, tukafunga mabomba yake, tukaleta matangi, tukaanza kubadilisha viungo. Kisha zikaja shule kumi na mbili za upande wa mtaa mpya, ambako mabomba yaliwekwa miaka minane tu iliyopita. Zote safi. Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Mizani aliniletea karatasi mwenyewe, akaziweka mezani, akasema, "Haya, mwanangu, leo pumua." Tukakumbatiana. Chekechea ya Chiriku ilikuwa mojawapo.

Kulikuwa na sherehe ndogo pale chekechea. Nilichukua brashi, nikapaka bomba la uani rangi ya kijani mbele ya wazazi, nikawaambia maji haya mnywe bila wasiwasi, hata mtoto wa dada yangu anasoma hapa. Walipiga makofi. Nikakinga glasi, nikanywa.

Sasa nikueleze habari za mtoto. Katika barua zangu za katikati ya mwaka nilikuandikia kwamba Chiriku amepunguza maneno kwa sababu anakukumbuka. Nilikuwa naamini hivyo. Tumbo lilikuwa likimwuma, nikasema ni matunda mabichi. Alianza kurusha vitu akikatazwa, nikasema ni utundu wa miaka mitano. Halafu mwalimu wake akaniita. Hakuwa na maneno mengi. Alinionyesha daftari la mwezi wa pili, ambamo Chiriku alikuwa ameandika herufi zote hadi mwisho wa mstari, kisha akanionyesha la mwezi wa saba, herufi sita, tatu kati yake zimegeuka. Akaniambia mtoto huyu alikuwa anajua, sasa anasahau. Nilimjibu kwamba mama yake yuko mbali. Mwalimu akaniangalia, akasema wapo wengine wanne darasani walio hivyo hivyo, na mama zao wako nyumbani.

Hata hapo sikushtuka, Dada. Bomba lilikuwa la kijani.

Aliyekuja kunizindua ni fundi bomba mzee tunayemwita Spana. Aliitwa chekechea kurekebisha kuvuja chini ya sinki la jikoni. Akaja ofisini kwangu na mikono yake imelowa, akaweka juu ya ramani yangu kipande cha kiungo alichokikata. Akatoa kisu, akakwaruza palipoungwa. Ikatokea rangi ya fedha inayong'aa, na kisu kikaingia kama kinaingia kwenye sabuni.

"Hii ni risasi tupu, mama," akasema. "Na si kiungo kimoja. Nyumba nzima wameunga hivi. Mtaa mzima, nadhani. Ni kazi ya mkono mmoja."

Nikamwambia haiwezekani, maabara imepima, maji ni safi. Nikamwonyesha hata karatasi.

Spana akafuta kisu kwenye suruali. "Basi maabara yenu inakunywa maji mengine," akasema, akaondoka, akaniachia kile kipande.

Nikaenda chekechea alfajiri, na chupa zangu mwenyewe. Nilimkuta mpishi ndiyo anafungua jiko. Nikamwomba asiguse bomba, nikakinga lita ya kwanza, nikafunga kifuniko, nikaandika saa. Yeye alinitazama kwa mshangao, akauliza kwani leo mbona siachi maji yamwagike. Nikamwuliza yamwagike vipi. Akaniambia kwamba wale waliokuja kupima mara ile walifungua bomba wakaliacha wazi mpaka yeye akamaliza kufagia uwanja mzima. Alilalamika, kwa sababu yalikuwa yanapotea bure na ndoo zake ziko tupu. Yule mama mkubwa wao, mwenye adabu sana, alimwambia ndiyo kanuni ya kupima. Alikuwa ameshika saa mkononi, na miwani yake ilikuwa na mnyororo.

Mpishi akanipa kigoda. Kisha, ili kunifariji nadhani, akaniambia kwamba yeye hapotezi hata tone, kila asubuhi maji ya kwanza kabisa ndiyo anayojazia sufuria la uji wa watoto.

Niliporudi ofisini nilizifungua fomu za shule zote kumi na mbili. Kila moja, kwenye ule mstari unaouliza hali ya bomba, ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kusimama: maji ya kwanza, bomba halijaguswa tangu jana jioni. Na chini yake sahihi ya Mizani. Nikatafuta kumbukumbu za ujenzi wa mabomba ya mtaa mpya. Msimamizi wa kazi, aliyeidhinisha kila kiungo, alikuwa mumewe.

Sampuli zangu sikuzipeleka kwake. Nilizipeleka kwenye maabara ya mji mwingine kwa mkono wangu. Majibu yalirudi baada ya siku tano, siku ambazo Chiriku alibaki nyumbani, na mpishi nilimwomba awe anayamwaga maji ya kwanza. Kiasi kilikuwa mara saba ya mpaka unaokubaliwa.

Ndipo nikaenda kumwona. Alikuwa peke yake, anasuuza chupa, anazipanga kichwa chini juu ya taulo jeupe. Nikaweka karatasi mbele yake. Alivaa miwani, akasoma, akaivua. Hakukana. Naomba ujue hilo, kwa sababu mimi nilikuwa nimejiandaa akane, na nilikuwa tayari kumwamini.

Nikamwuliza kwa nini.

"Ni mume wangu," akasema. "Hakujua lehemu ile ilikuwa na nini. Alipojua, kazi ilikuwa imekwisha kufukiwa. Aliniahidi watabadilisha viungo wakati wa likizo, kimya kimya, bila mtu kufungwa."

"Likizo imepita."

"Najua imepita."

Nikamwambia mtoto wa dada yangu amekuwa akinywa pale. Hapo ndipo aliposema neno ambalo mpaka leo likinijia nasimama nilipo. Alisema, "Lakini Chiriku nilimpa chupa."

Ni kweli, alimpa. Ile chupa ya zambarau yenye picha ya sungura, nilikuandikia habari zake. Alimletea Jumapili moja, akamwambia awe anabeba maji ya nyumbani, ya shule asiyanywe, yana wadudu. Sisi tukacheka, tukasema Mizani na usafi wake. Kumbe alijua. Alikaa uani kwetu, kichwa cha mtoto kikiwa mapajani mwake, huku anajua, akamtafutia njia ya pembeni huyu mmoja anayempenda, na wale mia tatu wengine akawaachia bomba. Na Chiriku, kwa kuwa ni Chiriku, chupa ikiisha saa nne alikuwa anaijaza pale pale uani, kwenye lile bomba nililolipaka rangi mimi. Uji je? Uji alikunywa kila siku. Mizani hakuufikiria uji.

Sikumpiga, sikumtukana. Nilitamani angekuwa adui yangu, Dada. Adui ungejua pa kumweka. Huyu alinifundisha jinsi chupa inavyodanganya, kisha akaijaza uongo akanikabidhi nikawanyweshe watu kwa mkono wangu. Nilipofika mlangoni alisema alidhani mimi nitamwelewa, kwa kuwa nami nina watu wangu. Nikatoka. Mama alipopata habari alisema kikulacho ki nguoni mwako, akaongeza kwamba mara nyingine nguo yenyewe umeishona wewe.

Siku ya pili yake niliwaita wazazi wa shule zote kumi na mbili. Mkuu wangu alitaka barua iseme kulikuwa na hitilafu ya utaratibu, na kikao kisubiri idhini kutoka juu. Sikusubiri. Nilisimama mbele yao na kile kiungo mkononi, nikawaeleza yote, na majina yote, pamoja na langu. Baba mmoja aliinuka akaniuliza kama ni mimi niliyekunywa ile glasi. Nikasema ni mimi. Akaketi. Hakuna aliyepiga kelele, na ningeona afadhali wangepiga. Mabomba yalifungwa kwa waya siku hiyo hiyo, matangi yamekuja, Spana na vijana wake wanakata viungo shule baada ya shule. Mizani amesimamishwa kazi. Mumewe anasubiri uchunguzi akiwa nyumbani. Mimi pia mpango wamenivua, kwa kosa la kutangaza bila ruhusa, na Jumanne sasa wanakaa chini ya mtu mwingine. Sijutii hilo.

Mpaka hapa, Dada, ningeweza kumaliza barua, na ungenionea huruma. Ungesema mdogo wangu ameponzwa na rafiki. Lakini rudi juu, pale nilipoandika kwamba Spana aliniachia kipande, kisha nikaandika kwamba nikaenda chekechea alfajiri. Sikuandika alfajiri ya siku gani.

Haikuwa kesho yake. Zilipita siku kumi na tisa.

Spana alipotoka nilikitazama kile kiungo, nikakifunga kwenye bahasha, nikakitia kwenye droo. Nilijiambia fundi amezeeka. Nilijiambia kiungo kimoja si mtaa. Lakini moyoni nilishajua, kwa sababu bahasha niliifunga kwa gundi. Mtu hafungi kwa gundi kitu asichokiogopa. Kama Spana alikuwa sahihi, basi Mizani ni mwongo, na kama Mizani ni mwongo, mimi sikuwa na mtu pale kazini, sikuwa na mwalimu, sikuwa na lolote kati ya yale niliyojivunia kwenye ramani. Jumapili mbili alikuja nyumbani katika siku hizo. Nilimmiminia chai. Nilimwangalia anamsuka mwanao, nikanyamaza. Na kila asubuhi, siku za shule zote ndani ya hizo kumi na tisa, nilimvalisha Chiriku viatu, nikamshika mkono, nikamfikisha getini, nikarudi zangu. Kilichonitoa kwenye droo hiyo si ujasiri. Asubuhi ya siku ya kumi na nane nilimwuliza Chiriku jina la mama yake, kwa mchezo tu, nikimfunga vifungo. Akafikiri. Alifikiri muda mrefu, Dada. Kisha akalisema. Lakini alifikiri.

Nilimpeleka kupimwa damu wiki hiyo. Daktari alinieleza kwamba kwa mtoto wanaanza kuchukua hatua risasi ikifika mikrogramu tano katika desilita ya damu. Chiriku alikuwa na kumi na nane. Kwa kiwango hicho hawampi dawa. Dawa ni kumwondoa kwenye chanzo, kumlisha vizuri, maziwa, maharage, mboga za majani, na kumpima tena. Tumempima tena juzi, imeshuka hadi kumi na nne. Nilimwuliza daktari kama alichokipoteza kitarudi. Alisema kingine kitarudi, kingine hawezi kuniahidi. Wewe unasomea mambo haya, utaelewa kuliko mimi. Nimeambatanisha karatasi zote mbili, usichukue neno langu tu.

Mizani alinisaliti mimi, hilo ni kweli, na uchungu wake nitakufa nao. Lakini wewe hukumpa Mizani mtoto. Ulinipa mimi, kituoni, basi likiwa limeshawasha injini, ukaniambia neno moja tu, "Mwangalie." Kwa siku kumi na tisa nilimwangalia rafiki yangu.

Kama utataka kuja kumchukua, chumba chake nimekisafisha na nguo zake nimezikunja, hutapata upinzani. Kama utataka abaki na Mama, nami nihame, nitahama. Kama huna la kuniambia kwa sasa, nitangoja. Usije na hasira nusu kwa kumwogopa Mama, njoo nazo zote. Chiriku ananiuliza kila siku unarudi lini, nami nimemwambia kwamba nimekuandikia.

Mama anakupa pole na masomo, na anasema usiache kula kwa ajili ya barua hii. Majirani wote wanakusalimu, hawajui ninachokuandikia. Nisalimie wenzako wa bwenini, na yule mkunga mwalimu wenu uliyeniambia hacheki.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwachia mtoto.